Neno la Mwisho: Kukabidhiana Uongozi wa Viwango vya Ufungashaji wa Programu katika Jumuiya ya Python, 2000–2025

Lugha ya programu ya Python ilitolewa kwa umma mwaka 1991 na mwanzilishi wake, Guido van Rossum, raia wa Uholanzi. Kwa miaka mingi jumuiya yake ilimwita, nusu kwa utani, Dikteta Mwema wa Maisha, kwa kuwa mjadala uliposhindwa kufikia mwafaka, yeye ndiye aliyeamua. Katika eneo la ufungashaji, yaani namna msimbo unavyowekwa katika vifurushi, kupewa namba za matoleo na kusakinishwa katika kompyuta za watu wengine, uamuzi huo ulipitia mikono kadhaa. Makala haya yanaonesha kwamba kilichokabidhiwa katika eneo hilo hakikuwa hasa kazi ya kuandika msimbo, bali haki ya kutamka neno la mwisho. Yanaonesha pia kwamba jumuiya ilichelewa kutambua tofauti ya mambo hayo mawili.

Ucheleweshaji huo ulikuwa na gharama. Zana ya kwanza, distutils, iliyoanzishwa na Greg Ward, iliingizwa katika Python mwaka 2000. Mwaka 2004 Phillip J. Eby alitoa setuptools, iliyojengwa juu yake. Ilipoonekana kwamba setuptools haiendelezwi kwa kasi iliyotarajiwa, hapakuwa na utaratibu wa kumwomba msimamizi aikabidhi kwa wengine. Njia iliyobaki ilikuwa kuunakili msimbo na kuuendeleza kwa jina jingine, na ndivyo mradi wa distribute ulivyozaliwa mwaka 2008. Kwa takriban miaka mitano watumiaji walikuwa na zana mbili za ukoo mmoja, hadi zilipounganishwa tena mwaka 2013. Katikati ya kipindi hicho palikuwa na jitihada ya kuingiza zana mpya ndani ya Python 3.3. Jitihada hiyo iliachwa mwaka 2012 kwa kukosa watu wa kutosha wa kuifanya.

Ilhali hayo yakiendelea, makabidhiano ya amani yalikuwa yamekwisha kufanyika kando. Ian Bicking, aliyeunda pip mwaka 2008, aliiachia zana hiyo pamoja na virtualenv mwaka 2011. Kundi lililozipokea lilijiita Mamlaka ya Ufungashaji wa Python. Kwa msomaji aliyezoea Mamlaka ya Mapato au Mamlaka ya Bandari, jina hilo linapotosha: kundi halikuwa na sheria, bajeti wala askari, na miongoni mwa majina mengine yaliyopendekezwa lilikuwamo “Wizara ya Usakinishaji”. Mzaha huo haukuzuia watu kulichukulia jina kwa uzito.

Mamlaka halisi yalikuwa kwingine. Mapendekezo ya Python huandikwa katika nyaraka zenye namba, zinazofupishwa PEP, na van Rossum aliruhusiwa kumteua mtu wa kuamua kwa niaba yake. Katika ufungashaji mteule huyo alikuwa Alyssa Coghlan, msanidi wa Australia. Mwaka 2013 Coghlan aliidhinisha PEP 427, iliyoweka muundo wa kifurushi uitwao wheel, na mwaka 2017 akaidhinisha PEP 517. Waraka huu wa pili ndio wenye uzito zaidi. Kabla yake, kusakinisha kifurushi kutoka kwenye msimbo chanzi kulimaanisha kuitegemea setuptools. Baada yake, zana yoyote inayotimiza masharti yaliyoandikwa iliweza kufanya kazi ya ujenzi. Uongozi ulihama kutoka kwa mwenye zana kwenda kwa mwenye kuidhinisha maandishi.

Baadaye Coghlan alimkabidhi nafasi hiyo Paul Moore, Mwingereza aliyekuwa miongoni mwa watunzaji wa pip na aliyeshiriki kuandika PEP 302 mwaka 2002. Uteuzi wa mtu wa pip ungeweza kuleta shaka ya upendeleo, lakini ulikuwa na mantiki: pip ndiyo inayobeba mzigo wa kila kiwango kipya.

Tarehe 12 Julai 2018 van Rossum alijiuzulu nafasi yake baada ya mabishano kuhusu PEP 572, wala hakumtaja mrithi. Hapa lilizuka swali ambalo wanasheria wa uwakala wangelitambua mara moja: je, wakala hubaki na uwakala pale aliyemtuma anapoondoka? Mwezi Desemba wanajumuiya walichagua kwa kura mfumo wa PEP 8016, wenye Baraza la Uongozi la watu watano. Baraza liliuendeleza utaratibu wa wateule. Kilichobadilika ni chanzo cha mamlaka yao, ambacho sasa kilikuwa kura.

Chini ya utaratibu huo Moore aliidhinisha PEP 600 mwaka 2019. Waraka huo ulipunguza haja ya kumwendea mwamuzi, kwani ulitoa kanuni moja ya kutaja upatanifu wa vifurushi na mifumo ya Linux, badala ya kuandika PEP mpya kila mara. Distutils yenyewe iliondolewa katika Python 3.12, mwezi Oktoba 2023.

Hata hivyo, viwango vinavyotegemewa na idadi kubwa ya watumiaji viliendelea kuamuliwa na mtu mmoja anayejitolea. Mwezi Januari 2025 iliwasilishwa PEP 772, iliyopendekeza Baraza la Ufungashaji la wajumbe watano wa kuchaguliwa, litakalopokea kutoka kwa Baraza la Uongozi madaraka yaliyokuwa mikononi mwa mteule.