Siku za Mwizi: Kisa cha Wakili Murdaugh

Wahenga walisema ya kwamba siku za mwizi ni arobaini. Yamkini wewe, msomaji, umelisikia neno hilo tangu utotoni, na kwa kulisikia mno huliwazi tena. Leo nataka uliwaze. Mwizi avunjaye dirisha usiku hukamatwa upesi, maana kila mtu humwinda. Lakini mwizi akiwa ni wakili mwenye jina, aliyezaliwa katika nyumba iliyoishika sheria mkononi kwa karibu karne nzima, ni nani atakayezihesabu siku zake? Kisa nitakachokusimulia ni cha kweli. Kilitokea Marekani, na mwisho wake ulisomwa kortini mbele ya ulimwengu mzima.

Katika jimbo la South Carolina, kusini-mashariki mwa Marekani, iko nchi tambarare ya vinamasi na misitu ya misonobari, iteremkayo mpaka bahari ya Atlantiki. Mji mmoja mdogo wa sehemu hiyo waitwa Hampton. Hapo, mwaka 1910, mtu aliyeitwa Randolph Murdaugh alifungua ofisi ya uwakili. Mwaka 1920 alichaguliwa kwa kura kuwa mwendesha mashtaka mkuu wa wilaya za sehemu hiyo, ambazo leo ni tano. Mwaka 1940 gari lake liligongwa na treni, naye akafa. Mwanawe akakishika cheo kile mpaka mwaka 1986. Alipoondoka, mjukuu akakirithi, akakaa nacho mpaka mwaka 2006. Hesabu mwenyewe: baba, mwana na mjukuu, wote wakiwa na jina moja la Randolph, walikishika cheo kimoja muda wa miaka 86.

Fikiri maana yake. Mwendesha mashtaka mkuu ndiye aamuaye nani apelekwe mahakamani na nani aachwe. Nani adaiwe adhabu kali na nani asamehewe nusu. Askari humsikiliza na makarani humwamkia. Na wakati uo huo ofisi ya jamaa hao ilikuwa ikiwatetea watu walioumia kazini au njiani, ikiyashtaki makampuni makubwa, hasa ya reli, na kupata fidia nyingi. Basi mkono mmoja wa nyumba hiyo ulishika fimbo ya serikali, na mkono wa pili ulishika mfuko. Watu wa Hampton wengi waliwapenda, maana waliwasaidia katika shida zao, wengine waliwaogopa. Mara nyingi mapenzi na hofu hukaa katika moyo mmoja.

Alex Murdaugh alizaliwa mwaka 1968, akiwa kitukuu wa yule aliyefungua ofisi. Yeye hakukirithi cheo cha wazee wake, lakini alifanya kazi katika ofisi yao ya uwakili, na tena alikuwa na beji ya mwendesha mashtaka msaidizi wa kujitolea. Baadaye, alipoulizwa kortini, alikiri kwamba nyakati nyingine aliiweka beji hiyo garini mahali pa kuonekana, ili askari wakimsimamisha wamtendee kwa upole. Jambo hili ni dogo, lakini lishike. Mtu aliyezoea kufunguliwa njia kwa ajili ya jina lake husahau kwamba njia ni ya watu wote.

Sasa sikiliza jinsi alivyoiba, maana usipoelewa njia ya wizi huwezi kujilinda. Mtu aliyeumia katika ajali humwendea wakili. Wakili huidai fidia kwa kampuni ya bima au kwa mwenye kosa. Fedha zikitoka, hazimfikii mwenye jeraha moja kwa moja. Hupita kwanza katika ofisi ya wakili, naye huchukua ujira wake na kumpa mwenyewe zilizobaki. Katika siku zile fedha zikaapo kwa wakili, zina jina moja tu: ni amana. Alex Murdaugh aliigeuza amana kuwa mali yake. Kulikuwako kampuni halali iliyowatunzia watu fedha zao za fidia. Yeye akafungua hesabu katika benki kwa jina linalofanana na la kampuni hiyo. Wenziwe ofisini wakaandika hundi kwa jina lile, wakidhani zinakwenda kwa kampuni, kumbe zinaingia mfukoni mwake. Hila hiyo na nyinginezo zilidumu zaidi ya miaka kumi.

Aliwaibia watu gani? Hakuwaibia matajiri wenzake, ambao wangeuliza maswali. Aliwaibia wenye misiba. Alimwibia kijana mmoja kiziwi aliyepooza mwili baada ya ajali ya gari. Aliwaibia watoto waliofiwa. Tena yuko mwanamke mmoja aliyemtumikia nyumbani kwake zaidi ya miaka 20, akawalea wanawe. Mwezi wa Februari mwaka 2018 mama huyo alianguka katika ngazi za nyumba ya bwana wake, akafa baadaye hospitalini. Murdaugh akawaendea wana wa marehemu, akawaambia kwamba watamshtaki yeye mwenyewe ili kampuni za bima ziwalipe, akawapeleka kwa wakili aliyekuwa rafiki yake. Bima zikalipa zaidi ya dola milioni 4. Wale mayatima hawakupata hata senti moja. Wao walikuwa wakingoja, na fedha zilikwisha kutoka zamani.

Mambo hayo yangeweza kufichika miaka mingine mingi, kama si msiba wa mwezi wa Februari mwaka 2019. Mwanawe mdogo, Paul, alikuwa katika mashua na vijana wenzake usiku, nao walikuwa wamelewa. Mashua iligonga daraja, na msichana wa miaka 19 akafa maji. Paul alishtakiwa kwamba ndiye aliyeiendesha. Alikana, wala kesi yake haikusikilizwa mpaka mwisho. Jamaa za msichana wakamshtaki Murdaugh wakidai fidia, na wakili wao akaomba korti imlazimishe kuonyesha hesabu za mali yake. Ombi hilo liliwekwa lisikilizwe tarehe 10 Juni 2021. Waona jinsi kamba ilivyoanza kukaza.

Tarehe 7 Juni 2021, mchana, mkuu wa fedha wa ofisi yao alimkabili Murdaugh, akamwuliza zilipo dola 792,000 za ujira ambazo hazikuonekana vitabuni. Usiku wa siku iyo hiyo, mkewe mwenye umri wa miaka 52 na mwanawe Paul mwenye miaka 22 walipigwa risasi wakafa karibu na mabanda ya mbwa, katika shamba lao la kuwindia lenye ukubwa wa ekari 1,700 hivi. Bunduki zilizotumika zilikuwa mbili za namna mbalimbali, wala hazikupatikana. Saa nne na dakika saba za usiku Murdaugh alipiga simu ya hatari, akasema kwamba amerudi nyumbani na kuwakuta wamekufa. Aliwaambia wapelelezi kwamba jioni ile hakufika mabandani kabisa.

Watu walimhurumia, na ombi lile la kukagua mali yake likaahirishwa. Lakini mwezi wa Septemba mwaka ule ule hundi moja iliyoonekana ofisini mwake ilifichua wizi, na wenziwe wakamlazimisha kujiuzulu. Siku iliyofuata alipigwa risasi kichwani kando ya barabara, asife. Kwanza alisema kwamba ameshambuliwa na mtu asiyemjua. Baadaye akakiri kwamba alimwomba mtu ampige, ili mwanawe mkubwa alipwe bima ya maisha ya dola milioni 10. Akakiri pia kwamba kwa miaka mingi alikuwa mtumwa wa vidonge vya kutuliza maumivu. Mwezi wa Julai mwaka 2022 alifutwa katika orodha ya mawakili wa jimbo, na katika mwezi huo huo akashtakiwa kwa kuwaua mkewe na mwanawe.

Kesi hiyo ilianza mwezi wa Januari mwaka 2023 katika mji wa Walterboro. Ukutani mwa chumba cha mahakama palitundikwa picha ya babu yake mshtakiwa, mwendesha mashtaka wa zamani. Jaji Clifton Newman aliamuru iondolewe kabla ya kesi kusikilizwa. Jaji huyo ni mtu mweusi, aliyezaliwa mwaka 1951 katika jimbo hilo hilo, wakati ambapo shule za weusi na za weupe zilikuwa mbali mbali kwa amri ya sheria. Sasa yeye alikaa juu ya kiti, na kitukuu wa wakubwa akasimama mbele yake.

Kwetu Kenya jaji mwenyewe ndiye aamuaye kama mshtakiwa ana hatia. Huko Marekani, katika kesi kama hiyo, huamua juri, yaani raia 12 wa kawaida waliochaguliwa. Raia hao walisikiliza ushahidi wa wiki sita, tena walipelekwa shambani wakapaona mahali penyewe. Jambo lililowagusa zaidi lilikuwa video fupi iliyokutwa ndani ya simu ya Paul. Simu ilikuwa imefungwa kwa namba za siri, na ilichukua miezi mingi kuifungua. Saa mbili na dakika 44 za usiku, muda mfupi tu kabla ya kufa, kijana yule alikuwa akimpiga picha mbwa bandani. Na nyuma ya sauti yake yasikika sauti ya mtu mwingine. Shahidi baada ya shahidi alisema: hiyo ni sauti ya Alex Murdaugh. Yeye aliyesema hakuwapo, alikuwapo.

Murdaugh alipanda mwenyewe kizimbani. Alikiri kwamba amesema uongo juu ya jambo hilo. Alikiri kwamba ameiba. Lakini alikana kabisa kuwaua watu wake. Upande wa mashtaka ulidai kwamba aliwaua ili huruma ya watu ichelewesha siku ya kufichuliwa. Watetezi wake walijibu kwamba hakuna mtu awezaye kuwaua mke na mwana kwa sababu ya namna hiyo. Tarehe 2 Machi 2023 juri ilishauriana kwa muda usiofika saa tatu, ikamwona na hatia. Kesho yake jaji akamhukumu vifungo viwili vya maisha. Mwezi wa Novemba mwaka huo alihukumiwa miaka 27 kwa wizi baada ya kukiri, na mwezi wa Aprili mwaka 2024 mahakama ya serikali kuu ya Marekani ikamhukumu miaka 40 kwa wizi huo, na kumwamuru arudishe zaidi ya dola milioni 8.

Hapa nataka ujifunze kusoma historia kwa haki. Yako mambo aliyoyakiri mwenyewe: wizi na uongo. Liko jambo lililoamuliwa na juri: mauaji. Na liko neno la mshtakiwa, ambaye hakuacha kukana mauaji, na mawakili wake wakakata rufani wakidai kwamba karani wa korti aliwashawishi watu wa juri. Karani huyo alijiuzulu mwezi wa Machi mwaka 2024, na mwezi wa Agosti mwaka huo mahakama ya juu kabisa ya jimbo ikakubali kuisikiliza rufani. Usiyachanganye mambo hayo matatu. Sheria huwa sheria kwa kuwa hata mtu tunayemchukia husikilizwa mpaka mwisho.

Lakini hata ukiweka kando damu ya usiku ule, wizi peke yake watosha kutufundisha. Swali langu ni hili: iliwezekanaje mtu mmoja awaibie wanyonge zaidi ya miaka kumi, kati ya mawakili, mabenki na majaji, asiulizwe? Jibu ni kwamba kila mmoja aliangalia jina, hakuangalia hesabu. Yule kijana kiziwi hakumwogopa wakili wake, alimwamini. Wale mayatima hawakuwa wajinga. Walidhani kwamba nyumba aliyoitumikia mama yao haitawala. Uaminifu wao ulikuwa mwema. Kosa lilikuwa kwa waliopewa kazi ya kukagua, wakaona haya kukagua.

Na tazama ni nani waliouvunja ukuta huo. Si shujaa mmoja mwenye upanga. Ni jamaa za msichana waliokataa kunyamaza; ni mtunza hesabu aliyeingia katika chumba cha mkubwa wake na kuuliza, "Fedha ziko wapi?", ni raia 12 waliosikiliza kwa makini. Kazi za namna hiyo zitakungoja wewe pia, msomaji, iwapo utakuwa karani, au mwalimu mwenye funguo za sanduku la shule, au mweka hazina wa chama cha ushirika. Siku moja utaona namba isiyolingana, na mwenye namba hiyo atakuwa mtu wa kuamkiwa na wote. Siku hiyo hakuna atakayekusifu ukiuliza, wala hakuna atakayekulaumu ukinyamaza.

Mwanzoni mwa mwaka 2022 wale mawakili wa Hampton walibadili jina la ofisi yao, wakalifuta jina la Murdaugh lililokaa mlangoni zaidi ya miaka 100. Siku za mwizi ni arobaini, ndiyo. Lakini siku hizo hazijihesabu zenyewe. Lazima apatikane mtu wa kuzihesabu.