Simbilisi, mnyama mwoga aliyefichika wakati wa vita

Leo, hapa Tenke, tunaongea juu ya simbilisi. Waliotoka Kivu wanamwita dende, na wengi hapa wanasema kobayi, kwa kufuata Kifaransa. Ukinunua watoto wake wawili, siku ya kwanza wanajibana kwenye kona, hawali, hawatikisiki. Watu wanasema ni wagonjwa. Hapana, wanaogopa tu, na woga huo una historia.

Asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Watu wa kule walianza kumfuga zaidi ya miaka 3000 iliyopita kwa ajili ya nyama, wakimweka ndani ya jiko. Wahispania wakamfikisha Ulaya katika karne ya 16. Hapandi ukuta, hapigani. Adui akija, anaganda au anajificha, basi.

Kule Sud-Kivu pia alikaa jikoni, mara nyingi akiwa mali ya mama na watoto: unauza wawili, unapata daftari na sabuni. Vikaja vita vya 1996, tena vya 1998. Ng'ombe waliporwa, na mbuzi vilevile. Ng'ombe utamficha wapi? Simbilisi anaingia ndani ya kikapu, unafunika na kitenge, unaenda. Watafiti wa CIAT waliofanya kazi huko baadaye walikuta ng'ombe wamepungua sana, na wanyama wadogo, simbilisi akiwemo, ndio wanaosaidia kaya nyingi. Familia iliyowahi kuhama haihitaji kuelezwa zaidi.

Tena anazaa upesi. Mimba ni kama siku 68, na mara nyingi anazaa watoto 2 hadi 4, wenye manyoya na macho wazi. Baada ya siku chache wanaguguna majani, na hapo wauzaji wanadanganyika, wanawatoa kwa mama mapema. Waache wanyonye wiki 3.

Wakifika kwako, wasiwe peke yao, maana simbilisi ni mnyama wa kundi. Wape kisanduku chenye milango miwili au chungu kilichovunjika, wapate pa kujificha. Ukiondoa maficho ili wazoee haraka, unazidisha woga. Siku 2 au 3 usiwashike. Leta majani saa ileile, ukiongea polepole. Baadaye wakisikia hatua zako watapiga mluzi wenyewe. Mtoto wa nyumbani akae chini na kutoa mkono kutoka mbele, kwa sababu kinachotoka juu, kwao ni kipanga. Kumbeba ni kwa mikono miwili.

Majani mabichi ni ya kila siku. Mwaka 1907 Holst na Frølich, wataalamu wa Norwe, waligundua kwamba simbilisi akilishwa nafaka tupu anapata kiseyeye kama binadamu: mwili wake hautengenezi vitamini C. (Ndiyo, kazi ya maabara ndiyo iliyofanya mtu wa kujaribiwa aitwe kobayi.) Matembele na mapera yanafaa. Majani ya kando ya barabara ya malori, yenye vumbi, mimi ningeyaacha.

Usiku wa Juni na Julai kuna baridi hapa, weka nyasi kavu nyingi. Wakitimiza wiki 3, tenga madume, kwa sababu jike wa wiki 4 tu anaweza kushika mimba, na mwili wake bado ni wa mtoto.