Ulinzi wa Jirani katika Nchi ya Katavi

Katika nchi ilalayo baina ya Ziwa Tanganyika na bonde la Rukwa, ambayo tangu mwaka 2012 ni Mkoa wa Katavi wenye makao yake Mpanda, misitu ya miombo ni mipana na maskani ya watu yametengana kwa masafa marefu. Kwa hiyo hapana dola iliyopata kuitawala, tangu enzi za watemi, iliyoweza kuweka askari katika kila kitongoji, na salama ya raia aghalabu imetegemea utayari wa jirani kutoka nyumbani mwake usiku asikiapo ukelele wa mwenziwe.

Katika karne ya 19 utayari huo ulidhihirika katika maboma. Wapimbwe, Wakonongo na Wabende, wakiwahofia ruga-ruga, wale vijana wa silaha waliowatumikia wakuu kama Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884, walikaa ndani ya vijiji vilivyozungushiwa magogo, na kuutengeneza ukuta huo ilikuwa faradhi ya wote, kwa kuwa pengo lililoachwa na mvivu mmoja lilikuwa mlango wa adui kwa kila mtu. Huko Karema nako, kituo kilichoasisiwa na Wabelgiji mwaka 1879 na kukabidhiwa Mapadri Weupe mwaka 1885 kilikuwa kimbilio la waliokombolewa utumwani na waliokimbia vita.

Zama za ukoloni zilileta ujirani wa namna nyingine. Waingereza waliwakusanya watu wengi katika makazi ya pamoja kwa sababu ya malale. Reli ya Mpanda, iliyokamilika mwaka 1950, ikaja na wafanyakazi wa migodi ya risasi. Na baada ya uhuru wakimbizi wa Burundi wakapewa makazi Katumba mwaka 1973 na Mishamo mwaka 1978, huku wafugaji wa Kisukuma wakishuka na ng'ombe wao kutafuta malisho. Jirani sasa hakuwa lazima ndugu wa ukoo, na uaminifu baina yao ulihitaji kujengwa.

Ndipo ulipoingia mtindo wa sungusungu, yaani vikundi vya wanakijiji vya kujilinda. Ulizuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika sehemu za Kahama na Nzega, baada ya Vita vya Kagera, wakati wizi wa mifugo ulipokithiri na bunduki zikatapakaa, nao Wasukuma wakauchukua hadi Mpimbwe, nchi ya Wapimbwe. Walichagua viongozi wao, akiwamo ntemi na kamanda. Wanaume wakashika pinde na mishale. Na mwano, yaani ukelele wa hatari, ulipopigwa, filimbi zilipokezana kitongoji hata kitongoji, kila kundi likifuata nyayo za ng'ombe walioibwa mpaka mwisho wa eneo lake na kuwakabidhi wenzao walio mbele. Asiyeitika alitozwa faini, na mkaidi alitengwa, asipewe moto wala msaada msibani. Wapimbwe nao waliunda sungusungu wao, lakini wa Wasukuma walikuwa na nguvu zaidi, kwa sababu vijana wao walikwisha kuzoea, katika vyama vya kulima na vya ngoma, kutii mkubwa waliyemchagua wenyewe.

Hata hivyo nguvu hiyo ilikuwa na madhara yake. Palikuwa na watuhumiwa walioteswa ili wakiri, na vikongwe waliosingiziwa uchawi wakafukuzwa au kuuawa, yote kwa jina la amani. Serikali, iliyokuwa imewakingia kifua sungusungu dhidi ya wakosoaji, iliona haja ya kuwatia katika sheria, na mwaka 1989 sheria ya mgambo ikarekebishwa hata wakapata mamlaka ya kukamata, pamoja na wajibu wa kumfikisha mkamatwa mbele ya vyombo vya haki.

Naamini kwamba hilo ndilo somo kubwa kuliko ushujaa wa maboma yenyewe. Mlinzi anayejulikana kwa jina, anayetoa hesabu ya faini mbele ya mkutano wa kijiji, na anayemfikisha mtuhumiwa kituoni akiwa mzima, huyo ndiye anayestahili utii wa jirani zake; bali kundi linalojifanya mshitaki, hakimu na mwadhibu kwa pamoja huwarudishia wanyonge, hususan wajane na wageni, hofu ile ile iliyowafanya mababu wachimbie magogo. Ulinzi wa jirani utadumu Katavi iwapo yule asiye na ng'ombe, wala wana, wala ukoo wa kumtetea, ataweza kulala salama chini yake.