Malori ya Waya na Makopo

Anza na ekseli ya mbele. Waya mrefu unapanda kutoka hapo hadi usawa wa kifua cha mtoto, na juu umekunjwa kuwa usukani. Dereva hukimbia nyuma ya gari lake na kukata kona atakavyo. Watoto wa Tanzania na Kenya wameunda malori ya namna hii kwa miaka mingi, na vijijini wengine bado wanayaunda.

Kichwa ni kopo la mafuta ya kupikia, limepasuliwa, likanyooshwa kwa jiwe na kukunjwa upya. Chungulia ndani: maandishi ya kiwandani bado yanasomeka. Magurudumu yamekatwa kwenye soli za kandambili chakavu, taa ni vizibo vya soda.

Ufundi hasa uko kwenye springi. Ni vipande vya utepe wa chuma uliofunga marobota ya mitumba, kirefu juu, vifupi chini, kama kwenye Scania ya kweli. Lori lisilonesa lilichekwa, hata likipakwa rangi vipi. Mzigo ulikuwa mchanga, nao ulijazwa hadi springi zilale.