Jua Katika Sakafu ya Sinagogi: Kuzisoma Alama za Mozaiki za Palestina ya Kale

Alama iliyopangwa kwa vijiwe sakafuni haina kinywa, na mtaalamu anayeifukua baada ya karne kumi na tano hulazimika kuisemea, jambo linalomweka katika hatari ya kuitia maneno ambayo walioikanyaga kila siku hawakuyajua. Hatari hiyo huzidi pale alama inapokutwa ugenini. Katika baadhi ya sinagogi, yaani nyumba za sala za Wayahudi, zilizojengwa Palestina kati ya karne ya 4 na ya 6 BK wakati nchi hiyo ikiwa chini ya Dola ya Rumi na kisha ya Bizanti, wanaakiolojia wamekuta katikati ya sakafu sura ya Helios, mungu-jua wa Wagiriki, akiendesha gari la farasi wanne huku amezungukwa na buruji kumi na mbili. Watu ambao amri yao ya pili iliwakataza kujifanyia mfano wa kitu chochote kilicho juu mbinguni walimlaza mungu wa watu wengine mbele ya kabati la Torati. Makala haya yanashikilia kwamba maana ya jua hilo haipatikani kule lilikozaliwa bali pale lilipolazwa: katika picha zilizo jirani nalo, katika maandishi yaliyo kando yake, na katika sheria ya jamii iliyogharimia kazi yenyewe.

Mozaiki ni picha inayotokana na vipande vidogo vya mawe, vioo au vigae vya rangi mbalimbali vinavyobanwa ubavu kwa ubavu juu ya chokaa mbichi. Buruji nazo ni sehemu kumi na mbili za njia ambayo jua huonekana kuipita angani kwa mwaka mzima, kila sehemu ikiitwa kwa jina la kundi la nyota. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa buruji upya, kwa kuwa wanafalaki wa pwani wamezirithi kwa majina ya Kiarabu, Hamali, Thauri, Jauza na nyinginezo hadi Hutu, na magazeti yamezisambaza kwa majina ya Kondoo, Ng'ombe, Mapacha, Kaa na kuendelea. Hata hivyo, ni wachache mno miongoni mwa wanaosoma ukurasa wa nyota wanaojua kwamba mpangilio huo ulitoka Babeli ukapitia kwa Wagiriki, na hakuna anayedhani kwamba kwa kuusoma anamwabudu mungu wa Babeli. Mfano huu ni mdogo, lakini unatosha kuonyesha kwamba alama husafiri na kuacha miungu yake njiani.

Mfano mkongwe na mzuri zaidi wa sakafu hizo uko Hammath Tiberia, kwenye chemchemi za maji moto kando ya Ziwa la Galilaya, mahali palipochimbuliwa na Moshe Dothan mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sakafu hiyo, ambayo wengi huiweka karne ya 4, ina sehemu tatu katika ukumbi wa kati: chini kuna maandishi ya Kigiriki yanayolindwa na simba wawili, katikati kuna duara la buruji lenye Helios, na juu kuna kabati la Torati pamoja na vinara vya matawi saba na baragumu ya pembe ya kondoo. Katika pembe nne za mraba unaolizunguka duara wamo wanawake wanne wanaowakilisha majira ya mwaka, kila mmoja akiwa na jina la Kiebrania la tekufa yake, yaani badiliko la majira.

Undani wa sakafu hii ndio unaofundisha zaidi. Buruji ya Dalu imeandikwa kwa Kiebrania *deli*, neno lenye asili moja na *dalu* la Kiarabu, nalo maana yake ni ndoo. Lakini herufi zake zimepangwa kinyumenyume, kama zinavyoonekana katika kioo. Kijana anayeshika Mizani yuko uchi, na mwili wake unaonyesha wazi kwamba hakutahiriwa. Kutokana na mambo haya mawili ni vigumu kukwepa hitimisho kwamba fundi hakuijua lugha aliyokuwa akiiandika na kwamba alifuata kielelezo cha karakana kilichotumika pia katika nyumba za wasio Wayahudi. Kwa hiyo anayetafuta maana ya picha hii katika kichwa cha fundi anabisha hodi mlango usio wake. Fundi aliuza umbo. Maana ilikuwa mali ya waliolinunua.

Na walionunua hawakuwa watu wa pembeni. Maandishi ya Kigiriki yanamtaja Severos, aliyelelewa katika nyumba ya Mapatriaki watukufu, yaani viongozi wa Wayahudi waliotambuliwa na dola ya Kirumi na ambao nasaba yao ilipitia kwa Yuda Patriaki, mkusanyaji wa Mishna. Mishna ni mkusanyo wa sheria za marabi uliokamilika takriban mwaka 200 BK, na ndani ya sehemu inayohusu ibada ya sanamu mna kauli ya wanazuoni kwamba sanamu iliyokatazwa ni ile inayoshika mkononi fimbo, ndege au tufe. Helios wa Hammath Tiberia ameshika tufe. Haielekei kwamba mtu wa nyumba hiyo, katika mji uliokuwa makao ya elimu ya marabi, hakuijua kauli inayotoka katika kitabu cha ukoo wa walezi wake. Lililo karibu zaidi na akili ni kwamba aliijua na akaona haiihusu sakafu.

Kwa nini sakafu isihusike? Jibu liko katika tafsiri ya kale ya Torati kwa Kiaramu, ile inayoitwa Targumi ya Yonathani wa bandia. Inapofikia Walawi 26:1, mahali panapokataza kuweka jiwe lenye nakshi ili kulisujudia, tafsiri hiyo inaongeza ruhusa ambayo haimo katika Kiebrania: sakafu ya mawe yenye picha inaweza kuwekwa katika nyumba za ibada, mradi watu wasiisujudie. Hapa sheria inatazama tendo, haitazami umbo. Mishna yenyewe ina mantiki hiyo hiyo pale Rabani Gamalieli, alipoulizwa kwa nini anaoga katika hamamu ya Akko yenye sanamu ya Afrodite, alipojibu kwamba sanamu inayodharauliwa kiasi cha watu kukojoa mbele yake si mungu. Uso unaokanyagwa na waumini wakienda kusali hauna heshima ya kuabudiwa, na hoja hii, ingawa inaonekana ya mzaha, ni nzito kuliko nyingi zilizoandikwa juu ya suala hili.

Wapo waliosoma vingine. Erwin Goodenough, katika juzuu zake 13 zilizochapishwa kati ya 1953 na 1968 juu ya alama za Kiyahudi za enzi za Kigiriki na Kirumi, alitetea kuwapo kwa Uyahudi wa kifumbo uliokuwa nje ya mamlaka ya marabi, ambao ndani yake jua na gari lake viliashiria kupaa kwa roho kuelekea kwa Mungu. Mwaka 1966 Mordecai Margalioth alichapisha Sefer ha-Razim, maana yake Kitabu cha Siri, ambamo mna dua inayomwita Helios kwa maneno ya Kigiriki yaliyoandikwa kwa herufi za Kiebrania, na tangu hapo nadharia za aina hiyo zimepata nguvu mpya. Kitabu hicho kinathibitisha kwamba walikuwapo Wayahudi waliomhesabu Helios miongoni mwa nguvu za mbinguni zilizo chini ya Mungu mmoja. Hata hivyo, kitabu cha mganga mmoja na wateja wake hakiwezi kufanywa katiba ya jamii nzima, na sakafu iliyolipiwa kwa michango ya hadhara na kutiwa majina ya wachangiaji si mahali pa kuficha siri.

Nadharia ya pili, ambayo Rachel Hachlili ameitetea kwa umakini, inaliona duara hili kuwa kalenda, kwa kuwa sikukuu na zamu za makuhani zilifuata miezi na majira. Nadharia hii inasaidiwa sana na sinagogi ya Sepphoris, iliyofukuliwa mwaka 1993 na Ze'ev Weiss na Ehud Netzer, ambako kila buruji ina jina lake pamoja na jina la mwezi wake, na ambako badala ya sura ya Helios kuna gari linalobeba jua lenyewe kama duara la miale. Pingamizi kubwa linatoka Beth Alpha, kijiji kilicho chini ya mlima Gilboa, ambako mwishoni mwa 1928 wakulima waliokuwa wakichimba mfereji wa maji walikutana na sakafu ambayo Eleazar Sukenik aliichimbua mwaka uliofuata. Sakafu hiyo ya enzi ya mfalme Yustino wa karne ya 6, kazi ya Marianos na mwanawe Hanina ambao majina yao yamekutwa pia katika mji jirani wa Beth Shean, imeyaweka majira katika pembe zisizolingana na buruji zake. Kalenda ya namna hiyo ingempoteza mkulima shambani.

Lakini pingamizi hilo linaiangusha kalenda kama chombo tu, haliiangushi kama taswira. Waliotandaza sakafu ya Beth Alpha hawakuhitaji picha ya kuwaambia mwezi ulioandama. Walihitaji picha ya kusema kwamba majira yana mwenyewe. Hilo linaonekana katika mfuatano wa picha. Anayeingia mlangoni hukutana kwanza na Ibrahimu aliyeinua kisu juu ya Isaka, na juu yao mkono unaotoka mbinguni ukimzuia. Kisha anapita juu ya jua na buruji. Mwisho anafika kwenye kabati la Torati na vinara vyake. Agano liko mlangoni, Torati iko mbele, na anga lote limewekwa katikati kama njia ya kupitia. Wazo hilo halikuwa geni, kwani karne kadhaa kabla yake mwanahistoria Yosefo alikwisha kueleza kwamba mikate kumi na miwili ya Hekalu ilimaanisha mzunguko wa buruji na mwaka, naye Filo wa Aleksandria alizilinganisha buruji na mawe kumi na mawili ya kifuani mwa kuhani mkuu. Hekalu lilipoteketezwa mwaka 70 BK, mikate na mawe vilikwenda nalo, na sakafu ikapokea kazi yao. Katika monasteri ya Kikristo ya Bibi Maria huko Beth Shean, karibu tu na Beth Alpha, jua na mwezi navyo viko katikati, lakini vimezungukwa na miezi kumi na miwili kwa sura za watu wakiwa na kazi zao. Jirani hao wawili walikuwa wakisema jambo moja kwa lahaja mbili.

Ushahidi wenye nguvu kuliko wote hauna picha ya buruji hata moja. Katika sinagogi ya Ein Gedi, kando ya Bahari ya Chumvi, kuna maandishi marefu ya sakafuni yanayoorodhesha mababu kutoka Adamu, kisha buruji kumi na mbili, kisha miezi kumi na miwili, kisha Ibrahimu, Isaka na Yakobo, na baada yao laana kwa atakayezusha ugomvi, kuiba au kufichua siri ya mji. Jamii hiyo haikutaka sura za watu ndani ya sinagogi yake, lakini buruji haikuziacha, ilizitamka. Kama maana ingekuwa katika uso wa Helios, isingebaki baada ya uso kuondolewa. Huko Na'aran, karibu na Yeriko, sakafu iliyofichuliwa na kombora la vita mwaka 1918 inaonyesha jambo hilo kwa upande mwingine: mikono ya baadaye iling'oa sura za watu na wanyama kutoka katika duara la buruji na katika picha ya Danieli na simba wake, na karibu na mashimo hayo ikaziacha herufi za Kiebrania mahali pake.