Taswira ya Wagogo katika fasihi na filamu

Taswira ya Wagogo katika fasihi na filamu ni namna ambavyo wakazi wa Ugogo, yaani nchi kavu ya katikati ya Tanzania kuanzia Mpwapwa kuelekea magharibi, wameelezwa katika vitabu vya safari, riwaya, filamu na vichekesho tangu katikati ya karne ya 19. Ni mfano wa jinsi ubaguzi wa rangi, ubaguzi wa kikabila na dhana potofu zinavyojengwa, kurithishwa na kupingwa kwa njia ya maandishi na picha.

Dhana potofu ni wazo rahisi linalobandikwa kundi zima la watu, kama vile "wote ni wavivu" au "wote ni wezi", bila kujali tofauti za mtu na mtu wala sababu za mambo. Mara nyingi huanza na jambo lililoonekana kweli mahali fulani, kisha sababu zake huachwa na jina la watu ndilo hubaki.

Vitabu vya safari na suala la hongo

Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Mpwapwa. Hapo wapagazi walipumzika na kununua chakula kabla ya kuvuka Marenga Mkali, eneo lisilo na maji ya kutosha, na kuingia Ugogo. Richard Burton na John Speke walipita Ugogo mwaka 1857, na Henry Morton Stanley alifika Mpwapwa mwaka 1871 akimtafuta David Livingstone. Vitabu vyao, hasa The Lake Regions of Central Africa cha Burton (1860) na How I Found Livingstone cha Stanley (1872), vilisomwa sana Ulaya na Marekani.

Katika vitabu hivyo Mgogo huonekana hasa kama mtu mkorofi anayedai mali ya wasafiri. Chanzo cha lawama kilikuwa hongo, yaani ushuru wa nguo, shanga na nyaya uliolipwa kwa watemi ili msafara upite. Wasafiri waliita jambo hilo unyang'anyi. Kwa upande wa wenyeji lilikuwa na maana nyingine. Msafara ungeweza kuwa na mamia ya watu, nao walikunywa maji ya visima vilivyochimbwa kwa jasho la wenyeji na kula nafaka katika nchi yenye mvua chache. Hongo ilikuwa pia ishara ya kumtambua mtemi kuwa ndiye mwenye nchi. Uingereza ya wakati huohuo ilikuwa na barabara zenye vizuizi vya kulipia ushuru, lakini waandishi hawakuwaita Waingereza wezi kwa sababu hiyo.

Msomaji wa leo anaweza kupotoka zaidi, kwa kuwa katika Kiswahili cha sasa neno hongo lina maana ya rushwa. Anapolikuta katika habari za karne ya 19 anapaswa kukumbuka kwamba lilikuwa malipo ya wazi, yaliyojadiliwa hadharani.

Mtazamo wa watu wa pwani

Dharau haikutoka kwa Wazungu peke yao. Wafanyabiashara wa pwani walizoea kuwaita watu wa bara washenzi, kinyume cha uungwana wa mjini. Neno hilo lilibeba tofauti za dini, mavazi na lugha, nalo lilirahisisha kazi ya biashara ya watumwa.

Riwaya ya Paradise ya Abdulrazak Gurnah (1994), iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, inarudi kwenye dunia hiyo ya misafara. Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, anaonyesha wahusika wa pwani wakiwaogopa na kuwadharau watu wa bara huku wao wenyewe wakikaribia kutawaliwa na Wajerumani. Katika riwaya hiyo dharau husemwa na wahusika, lakini msimulizi haikubali. Tofauti hiyo ni muhimu: kitabu kinachoonyesha ubaguzi si lazima kiwe kinautetea.

Ukoloni na filamu

Picha ya Mgogo mkorofi ilikuwa na matokeo. Carl Peters, mmoja wa waanzilishi wa ukoloni wa Kijerumani, alipita Ugogo mwaka 1890 akielekea Mpwapwa. Katika kitabu chake cha mwaka 1891 alisimulia kwa fahari mapigano yake na Wagogo waliodai ushuru. Mtu akishaitwa mnyang'anyi, kumchomea kijiji huandikwa kama adhabu ya haki. Peters alifukuzwa katika utumishi wa serikali mwaka 1897 kutokana na ukatili alioufanya Kilimanjaro. Hata hivyo, mwaka 1941, wakati wa utawala wa Wanazi, ilitolewa filamu ya Carl Peters iliyoongozwa na Herbert Selpin, ambayo ilimfanya shujaa. Waafrika katika filamu hiyo ni mandhari ya ushujaa wa Mzungu.

Chini ya Waingereza filamu zilitumika kuelimisha. Kati ya miaka 1935 na 1937 mradi wenye makao yake Vugiri, karibu na Korogwe, ulitengeneza filamu kuhusu afya, kilimo na akiba ya fedha, na kuzionyesha katika Tanganyika na nchi jirani. Mafunzo mengine yalifaa. Lakini wataalamu wa filamu za kikoloni waliamini kwamba Mwafrika hawezi kuelewa filamu ya kawaida, hivyo picha zilipaswa kwenda polepole na hadithi iwe nyepesi. Mfumo uliopendwa ulikuwa wa watu wawili: mwerevu anayefuata shauri la serikali na mjinga anayelikataa.

Mwaka 1952 ilitengenezwa filamu ya Kiswahili Muhogo Mchungu, ambamo Rashidi Kawawa, baadaye Waziri Mkuu wa Tanganyika, aliigiza mtu wa shamba anayefika mjini na kulaghaiwa. Mhusika huyo, "mshamba", angali anaishi katika vichekesho vya Tanzania.

Njaa, karanga na sifa ya uvivu

Sifa nyingine iliyobandikwa Wagogo ni uvivu na ombaomba. Chimbuko lake haliwezi kutenganishwa na historia ya njaa. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi kutoka Ugogo. Ukame ulipofuata, ikatokea njaa kubwa iitwayo Mtunya. Watu walitawanyika kutafuta chakula, na waliowaona njiani waliona ombaomba bila kuona vita.

Mfano wa kinyume ni mradi wa karanga wa Kongwa, eneo lililokuwa katika Wilaya ya Mpwapwa. Serikali ya Uingereza iliuanzisha mwaka 1947 na kuuacha mwaka 1951 baada ya hasara ya takriban paundi milioni 36. Ardhi ilikuwa ngumu na mvua haikutosha, mambo ambayo mkulima yeyote wa huko aliyajua. Alan Wood aliandika habari zake katika The Groundnut Affair (1950). Kushindwa huko hakukuwafanya Waingereza waitwe kabila la wazembe. Mgogo akikosa mavuno katika nchi hiyohiyo, lawama huwekwa juu ya kabila lake.

Wagogo kujiandika wenyewe

Jibu muhimu zaidi lilitoka kwa Mathias Mnyampala (1917–1969), mshairi na hakimu mzaliwa wa Dodoma. Mwaka 1954 alitoa Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika, kitabu kinachoeleza koo, utawala, ufugaji na desturi za watu wake. Kinaonyesha kwamba Wagogo ni mchanganyiko wa koo zilizotoka pande mbalimbali. Hoja hiyo peke yake hudhoofisha wazo la kabila lenye tabia moja ya kuzaliwa nayo. Tafsiri ya Kiingereza ya Gregory Maddox ilitoka mwaka 1995.

Mnyampala anajulikana pia kwa kuendeleza ngonjera, mashairi ya kujibizana yaliyoenea shuleni baada ya Azimio la Arusha. Katika muziki, Hukwe Zawose (aliyefariki mwaka 2003) alipeleka ilimba, zeze na uimbaji wa Kigogo katika majukwaa ya dunia.

Hali ya sasa

Katika vichekesho vya runinga na video za mtandaoni lafudhi ya kabila hutumika kama njia ya mkato ya kumtambulisha mhusika: Mmasai ni mlinzi, Mgogo ni ombaomba. Watetezi wa vichekesho hivyo husema ni utani wa kawaida. Lakini utani wa makabila una kanuni: huwa kati ya watani wanaotambuana, na kila upande una haki ya kujibu. Mhusika wa kwenye kioo hana nafasi ya kujibu, na mwanafunzi wa Dodoma anayeitwa ombaomba bwenini hakuchagua mtani wake.

Ili kutambua dhana potofu katika kazi ya fasihi au filamu, msomaji huweza kuuliza: nani anasimulia, nani amepewa jina na nani ni "mwenyeji" tu, na ni sababu gani ya jambo imeachwa nje ya hadithi.

Tazama pia

Wagogo
Mpwapwa
Mathias Mnyampala
Utani
Ubaguzi wa rangi