Hesabu ya simu katika Kongo yetu: namna gani tuisome?

Mara kwa mara tunasikia katika redio kwamba simu za Kongo zimezidi tena. Miaka hii ya karibuni hesabu imepita milioni 40. Tunafurahi, lakini tunashangaa pia. Kama simu ni nyingi hivyo, kwa nini katika vijiji vingi mtu mwenye mgonjwa anapaswa bado kupanda kilima, mkono juu, akitafuta rezo? Je, hesabu inatudanganya? Hapana. Lakini hesabu ni kama chungu chenye kifuniko: mtu hajui kilichomo mpaka amekifunua. Basi leo tukifunue, na kwanza tuangalie mambo ya zamani.

Zamani babu zetu wa mtoni walikuwa na lokole, ile ngoma ya mti yenye sauti mbili. John Carrington, mmisionari wa Kiprotestanti wa Yakusu, karibu na Kisangani, alijifunza lugha yake, akaandika kitabu juu yake mwaka 1949. Lokole moja ilitosha kijiji kizima. Hakuna aliyeuliza, «Kila mtu anazo lokole ngapi?» Tulishike neno hili, maana tutalirudia: chombo kimoja, masikio mengi.

Wakati wa Wabeligiji zilikuja simu za waya. Ziliingia katika ofisi za serkali, makampuni na nyumba za wakubwa. Kuzihesabu kulikuwa kazi nyepesi. Kila waya ulikuwa na nyumba yake, na jina la mwenyewe katika kitabu cha posta, na deni la kulipa kila mwezi. Karani alihesabu majina, kazi ikaisha. Kiisha hesabu za nchi zote zilipelekwa kwa Umoja wa Kimataifa wa mapashano ya habari, uliozaliwa Paris mwaka 1865, na ambao leo makao yake ni Geneva. Pale wanagawanya: simu ngapi kwa watu 100? Kwa njia hiyo nchi kubwa na nchi ndogo zinaweza kulinganishwa.

Mwaka 1982 umoja huo ulikutana Nairobi, ukaweka tume ya kuchungulia mambo ya simu katika nchi maskini. Mkubwa wa tume alikuwa Mwingereza, Donald Maitland. Taarifa yao ya mwisho wa mwaka 1984 ilisema neno lililoumiza mioyo: mji mmoja wa Tokyo ulikuwa na simu nyingi kuliko Afrika nzima. Mwaka ule ule wa 1984 nchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati ule, ilihesabu watu wake, wakapatikana milioni 30 na zaidi. Tangu siku zile watu wote wa Kongo hawajahesabiwa tena. Neno hili pia tulishike.

Baadaye waya zenyewe zilikufa. Mashine zilizeeka bila kutengenezwa, yakaja maporomoko ya uporaji wa mwaka 1991 na 1993, na wezi wakakata nyaya ili kuuza shaba. Hesabu ya kimataifa ya mwaka 2000 ilitaja simu za waya kama elfu 10 tu kwa nchi yote. Katanga, iliyotoa shaba ya nyaya za ulimwengu, haikuwa na waya wa kuzungumza na Kinshasa! Wazee wetu wanakumbuka foni za misioni. Saa iliyopangwa padri alikaa mbele ya mashine, akaita misioni nyingine, na parokia nzima ilijua nani amefariki na nani amefika salama. Hapo tena: chombo kimoja, masikio mengi. Katika vitabu vya hesabu, watu wale wote walikuwa sifuri.

Simu isiyo na waya ilikuwa imekwisha kuanza Kinshasa mwaka 1986, kwa kampuni Telecel ya Miko Rwayitare. Lakini bei yake ilikuwa ya wakubwa na wenye mali. Mabadiliko yalikuja pamoja na Celtel mwaka 2000 na Vodacom mwaka 2002, wakati nchi ilikuwa bado imegawanyika kwa vita. Mwaka 2002 pia sheria mpya iliweka mamlaka ya kusimamia kazi hii. Nini kilifungua mlango kwa watu wadogo? Ni kadi na mayunite ya kulipa mbele. Mama wa soko hakuhitaji tena barua, wala mdhamini, wala deni la mwezi. Alinunua mayunite kidogo, akaongea. Na yule asiye na simu alikwenda kwa kijana wa kabini, chini ya mwavuli. Mwaka 2005 hesabu ilikuwa imepita milioni 2.

Lakini njia hiyo iliyofungua mlango ndiyo iliyovuruga hesabu. Tueleze.

Kwanza, kadi haina kitabu cha madeni kama waya. Iliyotupwa na iliyopotea zinaonekana bado katika mashine ya kampuni. Kwa hiyo desturi ya kimataifa ni kuhesabu kadi zilizotumika katika miezi mitatu ya mwisho. Anayehesabu kadi zote zilizouzwa atapata mlima. Anayefuata miezi mitatu atapata kilima.

Pili, kadi si mtu. Tuchukue nyumba moja ya watu saba. Baba ana kadi tatu, kwa sababu kuita mtu wa kampuni nyingine kuna bei. Mama ana moja, mwana mkubwa ana mbili, watoto wanne hawana. Kadi ni sita kwa watu saba: hesabu itasema 86 kwa watu 100. Lakini wenye simu ni watatu tu, yaani 43 kwa 100. Nusu ya ile ya kwanza! Na watoto wanne wanasikiliza simu ya mama, kama zamani lokole.

Tatu, kadi hazijui mipaka. Huko Goma wako wafanyabiashara wenye kadi ya Rwanda mfukoni. Wanakaa kwetu, wanahesabiwa kwa jirani.

Nne, na hili ni zito kuliko yote: tunagawanya kwa watu wangapi? Tuseme kadi ni milioni 45. Ukikadiri watu milioni 95, utapata 47 kwa 100. Ukikadiri milioni 110, utapata 41. Hakuna simu moja iliyovunjika, na hata hivyo nchi imeshuka! Tunaweza kuhesabu kadi kila mwezi, lakini watu tuliwahesabu mara ya mwisho mwaka 1984.

Kwa intaneti shida ni ile ile, na zaidi. Kampuni inahesabu kadi zilizoingia katika intaneti, wachunguzi wa nyumba kwa nyumba wanauliza, «Nani ameitumia katika miezi mitatu?» Ni maswali mawili, na majibu hayawezi kuwa sawa.

Mtu atasema: «Hesabu hizi ni kazi ya makarani, zinatuhusu nini?» Zinatuhusu sana. Mwaka 2020 serkali ilianza kuandika simu zote katika daftari iliyoitwa RAM, na watu wakaona mayunite yao yanakatwa. Walilalamika mpaka malipo yale yakaondolewa mwaka 2022. Tena sheria ya mwaka 2020 imeweka mfuko wa kupeleka mawasiliano mahali ambapo makampuni hayaoni faida. Mfuko huo utajengea nani mnara? Kama hesabu ya nchi nzima inasema «karibu nusu wana simu», kijiji chenye sifuri kinafichwa nyuma ya mji wenye kadi tatu kwa mtu. Kobalti ya Kolwezi imo katika betri za simu za ulimwengu. Ni haki mama anayezaa usiku, mbali na hospitali, awe na njia ya kuita.

Basi, wasomaji, mkisikia tena hesabu ya simu, msikatae, wala msiimeze nzima. Ulizeni: ni kadi au ni watu? Zimetumika lini? Zimegawanywa kwa watu wangapi? Na kijiji chetu kimo? Swali hili la mwisho tusiwaachie watu wa Kinshasa peke yao. Kila mmoja wetu anajua kilima ambako watu hupanda kutafuta rezo. Tukitaje kwa jina mbele ya wakubwa wa mtaa, na tuseme ni watu wangapi wanaoishi chini yake.